Hekalu la Kujilinda: Tarikhi Fupi ya Goju-Ryu katika Tanzania

Yapata mwaka 1973, katika Shule ya Zanaki mjini Dar es Salaam, mwalimu Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehiari kuja kuishi katika nchi ya Azimio la Arusha, alianza kuwafundisha vijana karate ya Okinawa ya mtindo wa Goju-Ryu, na mahali pale pa mafunzo pakajulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Sisi tukaao Njombe na Makambako tuko mbali na Zanaki kwa zaidi ya kilomita 600, lakini yafaa tarikhi ya chuo kile isomwe huku pia, maadamu kijana yeyote wa nyanda hizi afungaye mkanda mweupe kiunoni, kabla hajauliza ataupata lini mweusi, ana haki na wajibu wa kuuliza mwalimu wake alifundishwa na nani.

Mwenye kutaka kuijua asili ya mafunzo yale hana budi kuifuata silsila yake hadi Naha, mji mkuu wa Okinawa, alikozaliwa Kanryo Higaonna mwaka 1853. Naye, angali kijana, alivuka bahari hadi Fuzhou, kusini mwa Uchina, akakaa huko miaka akijifunza, kisha akarejea kwao na fani aliyowapa wachache walioweza kuustahimili ukali wake. Mwanafunzi wake mashuhuri alikuwa Chojun Miyagi, mzaliwa wa mwaka 1888. Mwaka 1930 Jin'an Shinzato, mfuasi wa Miyagi, alionyesha fani hiyo Tokyo, akaulizwa mtindo wake waitwaje, naye asiwe na jibu, kwani kwao haikuwa desturi kuupa jina. Na aliporudi na swali lile, Miyagi akachagua jina la Goju, yaani ugumu na ulaini, kutoka katika kitabu cha kale kiitwacho Bubishi, likaandikishwa rasmi Japani mwaka 1933. Miyagi alifariki mwaka 1953, na miaka minne baadaye mwanafunzi wake Eiichi Miyazato akafungua mjini Naha chuo cha Jundokan, ambako wanafunzi waliotoka Zanaki nao walifika kuchota maarifa.

Zama alizofika Mwalimu Bomani zilikuwa zama za harakati. Weusi wengi wa Marekani waliiona Tanzania kuwa kimbilio la heshima yao, na mwezi wa Juni 1974 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umoja wa Waafrika. Na katika miaka hiyo hiyo Wachina na Watanzania walikuwa wakitoboa milima baina ya Mlimba na Makambako ili reli ya TAZARA ipate kupita. Katika majumba ya sinema vijana walimshangilia Bruce Lee, wakatoka nje wakirusha mateke hewani. Waliokwenda Zanaki kwa tamaa ya mateke yale walikuta jambo jingine kabisa, nalo ni kusimama, kupumua na kunyamaza.

Kwani mlango wa Goju-Ryu ni kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa, iitwayo Sanchin. Mwanafunzi husimama miguu imepanuka kwa kiasi cha mabega, mmoja umetangulia kidogo hata kisigino chake kikawa sawa na vidole vya mguu wa nyuma, magoti yamekunjwa, nyayo zimeshika chini; huvuta pumzi puani hadi chini ya kitovu, kisha huitoa taratibu kinywani huku ngumi ikienda mbele, na mwili wote umekazwa. Mwalimu humzunguka akimpiga mabegani kwa viganja, akimbonyeza mgongo na mapaja, wala si kwa kumwadhibu, bali kwa kupima kama pumzi imekatika au mguu umelegea. Hatua ni chache, na mtu aweza kuzikariri kwa siku moja. Kuzitimiza ndiko kunakochukua umri. Kijana aliyekuja na ghadhabu, akafanya hivyo jioni baada ya jioni, aghalabu hugundua kwamba wa kwanza anayepaswa kumshinda ni nafsi yake, na hapo ndipo jina la Hekalu la Kujilinda linapopata maana yake kamili.

Fadhila nyingine ya mtindo huu ni kwamba haudai mali. Chombo cha kukazia mikono na mabega, kiitwacho chiishi, ni mpini wa mti uliosimikwa katika zege, na fundi yeyote wa Makambako aweza kukitengeneza kwa mabaki ya saruji. Makiwara, nguzo ya kupigia ngumi, ni ubao uliochimbiwa chini na kufungwa kamba ya majani makavu, na Njombe haijapata kukosa mbao. Mitungi ya kushikwa kwa ncha za vidole hutiwa mchanga na kuongezwa uzito kadiri mkono unavyopata nguvu. Hata baridi yetu ya Juni na Julai, iletayo sakitu mashambani, si kizuizi kwa mtu aliyefundishwa kuutia mwili joto kwa pumzi.

Kitu kisichoweza kutengenezwa na fundi ni mwalimu mwenye silsila. Zanaki imedumu katika kumbukumbu za watu kwa sababu waliofundishwa pale nao walifundisha, wakiyachukua mafunzo kama amana ambayo mwenye kuipokea hana ruhusa ya kuipunguza wala ya kuiuza mikanda yake kwa fedha. Basi atakayefundisha Goju-Ryu Njombe au Makambako, na awe na daftari. Aandike humo jina la mwalimu wake, na la mwalimu wa mwalimu wake, hadi Miyagi na Higaonna, awasomee wanafunzi siku ya kwanza, kisha ndipo awaambie wasimame kwa Sanchin.