Mwalimu wa Kaluga na Hesabu za Roketi

Vijana wenzangu, kijiweni kwetu kuna msemo: huna chuo, huna lako. Mimi niliishia kidato cha nne, msemo huo naujua vizuri. Mchana nabangaiza, usiku naandika riwaya. Ndiyo maana historia ya Konstantin Tsiolkovsky imenikaa kichwani kuliko ya wafalme na majemadari tuliokaririshwa darasani.

Huyu bwana alizaliwa Urusi mwaka 1857, katika kijiji cha Izhevskoye. Akiwa na miaka kama 10 aliugua homa kali, masikio yakaharibika. Shule ikamshinda: mwalimu anasema, yeye hasikii. Akiwa na miaka 13 mama yake akafariki. Alipofika 16 baba yake akampeleka Moscow, akakaa huko miaka mitatu akijisomea maktabani. Alikula mkate mtupu ili pesa ibaki ya vitabu na vifaa vya majaribio. Chuo kikuu hakusoma. Mwaka 1879 akafanya mtihani wa ualimu kama mtahiniwa binafsi, akapasi.

Mwaka 1880 akapangiwa Borovsk, mji mdogo usio mbali sana na Moscow. Alifundisha hesabu na jometri. Mwaka 1892 akahamia Kaluga, kando ya mto Oka, na huko ndiko alikomalizia maisha yake. Kuanzia 1899 alifundisha fizikia katika shule ya wasichana ya kanisa. Kusikia kulikuwa taabu, basi akajitengenezea tarumbeta za bati za kuweka sikioni. Vifaa vya majaribio navyo alivichonga mwenyewe nyumbani.

Sasa sisi tunaoandika, hapa ndipo penye utamu. Kabla ya hesabu za roketi, mwalimu huyu aliandika hadithi. Mwaka 1893 ilichapishwa hadithi yake kuhusu watu wanaojikuta mwezini, mahali ambapo uzito wa mtu hushuka hadi sehemu moja ya sita. Alianza kwa kuota, kisha akajiuliza: huko mtu atafikaje? Mwaka 1897 akaandika kanuni inayotumika mpaka leo. Kwa lugha nyepesi, mwendo wa roketi hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na uzito wa roketi ikiwa imejaa mafuta ukilinganishwa na uzito wake yakiisha.

Mwaka 1903 makala yake ikatoka katika jarida moja la sayansi. Mwaka huohuo mhariri akafariki, jarida likafa, na sehemu ya pili ikangoja hadi 1911. Enyi mnaongoja makala zenu zitoke, mnasikia?

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwaka 1902 mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi Moscow, alijiua. Mwaka 1908 mto Oka ukafurika, maji yakaingia ndani na kuharibu karatasi zake. Asubuhi darasa lilikuwa palepale linamngoja, na mshahara wa ualimu ndio uliolisha familia.

Msinielewe vibaya. Sisemi chuo hakina maana. Tsiolkovsky alikosa chuo, lakini kazi ya chuo aliifanya: hisabati ngumu aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, bila wa kumsahihishia. Wala si kweli kwamba hakuna aliyemwona. Akademia ya Sayansi iliwahi kumpa rubo 470 kwa majaribio yake ya upepo. Ila wengi wetu tunataka jina kabla ya jasho. Yeye alifundisha karibu miaka 40, na usiku wake ukawa wa kalamu.

Alifariki mwaka 1935. Tarehe 4 Oktoba 1957, siku chache baada ya kutimia miaka 100 tangu azaliwe, Sputnik ikarushwa, setilaiti ya kwanza ya binadamu. Mkuu wa wahandisi wake, Sergei Korolev, alimheshimu mzee wa Kaluga kama mwalimu.

Roketi ya kwenda angani hakuunda hata moja. Aliacha karatasi tu, zilizoandikwa baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Wewe mwenye kazi ya mchana unayoilaani, usiku wa leo utaandika kurasa ngapi?