Orodha ya 2015 na Siri Yako ya Zahanati ya Chuo

Wasee wa Kaloleni, Shaurimoyo, Kondele hadi Nyalenda, leo tuongee historia kidogo. Inamhusu yule mdogo wako aliye chuo sasa hivi.

Mwanafunzi akienda zahanati ya chuo anaacha jina, namba ya usajili na ugonjwa wake. Hayo yakivuja yakafika kwenye grupu ya darasa, ushauri anaopewa ni ule ule: "Wacha tu, utashindana na chuo utamaliza lini?" Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, hakuna cheti changu mtu anaweza kushikilia, kwa hivyo naongea bila woga. Haki ya kulalamika ipo, na waliotutafutia ni watu waliokuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi.

Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Huku ziwani watu walikuwa wameshazika sana kabla ya hilo tangazo. Waulize wazazi wako: wengi hawakuogopa sindano ya kupimwa, waliogopa nani atajua majibu.

Mwaka 2003 mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya chakula alienda Mahakama Kuu Nairobi. Kwenye rekodi anaitwa J.A.O. tu. Alisema alipimwa virusi bila kuambiwa, daktari akampa mwajiri majibu, kazi ikaisha. Walioshtakiwa wakaomba kesi itupwe. Mwaka 2004 jaji alikataa, akasema kuna jambo la kusikizwa. Kumbuka wakati huo hata sheria ya UKIMWI haikuwa imepitishwa.

Ilipitishwa 2006. Ndani yake kuna kitu wanafunzi wengi hawajui: hakuna mtu anaruhusiwa kukulazimisha kupimwa virusi ili upate nafasi shuleni ama chuoni. Kisha Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, ikampa kila mtu haki ya faragha.

Lakini sheria ikikaa kwenye karatasi tu, haimlindi mtu. Februari 2015 serikali iliagiza makamishna wa kaunti wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri, eti dawa na msaada viwafikie. Lakini fomu yenyewe iliunganisha jina la mtoto na hali yake. Hebu fikiria hiyo karatasi ikipita mikononi mwa mwalimu, chifu na karani, katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake.

Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba, faragha na maslahi ya watoto pia. Serikali ikapewa siku 45 kuhakikisha majina yale yamefichwa kwa kodi. Yaani hata nia njema ya rais haikutosha kuwa ruhusa.

Ndipo ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu habari za afya kuwa data nyeti. Novemba 2020 Immaculate Kassait akaapishwa kuwa kamishna wa kwanza. Na taasisi za masomo haziko juu ya hiyo ofisi. Septemba 2023 ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja ya Uthiru iliyoweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kama picha ilifika huko, je, karatasi yako ya maabara?

Sasa yakikupata ufanye nini? Andika tarehe, kilichovuja, nani alikuwa nacho, nani amekiona. Piga picha za skrini kabla hazijafutwa. Mimi ningeanza kwa barua kwa chuo, nibaki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, peleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuandika au kusema kwa mdomo wakuandikie, na kanuni za 2021 zinaruhusu hata kulalamika bila kutaja jina. Sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Usiporidhika, kuna Mahakama Kuu.

Najua siku 90 ni karibu muhula mzima, na mhula huo utakuwa unakutana na hao hao watu kila siku. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Lakini J.A.O. alienda kortini bila sheria ya kumlinda na bila kazi. Wewe unayo sheria, kamishna na mfano wa 2016. Mtumie hii mwanafunzi mmoja unayemjua, hasa yule aliyeambiwa awache tu.