Paa wa Hamdani na Nduguze Adili

Kijana asomaye hadithi za majini, nyoka wenye vichwa saba na wanyama wasemao, mara nyingi huambiwa na wakubwa wake kwamba anapoteza wakati, na kwamba afadhali angesoma tarehe ya nchi yake. Shauri hilo ni jema, lakini lina upungufu. Hadithi za ajabu nazo zina tarehe yake, na watu waliomo wana tabia zinazostahili kupimwa kama tupimavyo tabia za wafalme waliopata kuishi. Katika makala haya nitapima watu wa hadithi tatu ambazo vijana wa pwani wamezisoma au kuzisikia kwa miaka mingi. Kipimo changu ni kimoja: kila mmoja alimtendeaje yule aliyekuwa chini ya mkono wake?

Wa kwanza ni Hamdani. Habari zake zimo katika kisa cha Sultani Darai, kilichokusanywa Unguja na Edward Steere, padre wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, na kupigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Hamdani alikuwa fukara wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akaitoa yote kumnunua paa. Watu wakamcheka, kwa kuwa mtu asiye na chakula chake mwenyewe amepata wapi akili ya kufuga?

Paa huyo alikuwa na uwezo wa kusema, na akili yake ilipita ya bwana wake mbali sana. Alipata almasi, akaipeleka kwa Sultani Darai kama zawadi itokayo kwa tajiri mkubwa, akamposea Hamdani binti wa sultani. Akamfanyia hila ya kumfanya aonekane kama mtu aliyenyang'anywa nguo na wezi njiani, ili sultani ampelekee mavazi ya kifalme. Kisha akatangulia mbele, akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akalitwaa jumba lake kubwa, akampa bwana wake. Katika mambo hayo yote Hamdani hakufanya lolote ila kutii. Msomaji asiyaache maneno haya yapite upesi, maana ndiyo siri ya tabia ya Hamdani: utajiri ulimjia bila ya yeye kujua ulivyopatikana.

Wengi wenu mnaijua hadithi ya Kifaransa ya paka avaaye viatu, iliyoandikwa na Charles Perrault mwaka 1697. Mambo yake ni karibu sawasawa: maskini, mnyama mwerevu, mfalme, binti, jumba lililotwaliwa kwa jitu. Lakini hadithi ya Perrault hukoma harusini, na paka akawa bwana mkubwa. Msimuliaji wa Unguja hakukubali kukoma hapo. Yeye aliuliza swali ambalo Mfaransa hakuliuliza: baada ya harusi, je, mnyama alitendewaje?

Paa akaugua. Akamtuma mwanamke mzee aende kwa bwana, amwambie kwamba hali yake ni mbaya. Hamdani akaamuru apikiwe uji wa mtama, chakula duni kabisa katika nyumba iliyojaa neema. Mkewe alimsihi, akaona haya kwa niaba yake. Yeye akajibu kwamba mnyama huyo alimnunua kwa thumuni tu. Paa akafa, akatupwa kisimani. Sultani Darai alipopata habari alikuja mwenyewe, akalia, akamtoa kisimani na kumzika kwa heshima. Usiku ule binti aliota kwamba yuko nyumbani kwa baba yake, na alipoamka alikuwa huko. Hamdani naye aliota kwamba anachakura jaani. Akaamka, na tazama, vumbi li mikononi mwake.

Sijui hukumu iliyo kali zaidi ya hiyo katika hadithi zetu. Hakupigwa wala hakuuawa. Alirudishwa tu katika hesabu yake ya thumuni. Tukumbuke pia mahali ambapo hadithi hii iliandikwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi kitabu cha Steere kilipotoka. Lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini. Basi waliosikiliza kisa hiki barazani waliishi katika mji ambamo binadamu naye alikuwa na bei. Sisemi kwamba msimuliaji alikusudia kuwasema mabwana wa watumwa. Nasema kwamba neno la Hamdani, ya kuwa aliyenunuliwa kwa bei ndogo hastahili ila uji wa mtama, halikuwa neno geni masikioni mwao.

Nasi wa Mombasa tusidhani kuwa mambo hayo ni ya ng'ambo. Katika Kisauni, mwaka 1875, wamisionari wa Church Missionary Society waliwapa makazi watumwa waliokombolewa baharini, mahali palipoitwa Frere Town kwa jina la Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuutafuta mkataba ule. Kengele yao ingali ipo, na kituo cha magari hapo huitwa Kengeleni. Mwanafunzi apitaye pale kila asubuhi akienda shule anaweza kumfikiria paa wa Hamdani bila ya kufundishwa na mtu.

Wa pili ni Umbopa, katika Mashimo ya Mfalme Sulemani. Rider Haggard alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1885, na Frederick Johnson akakifasiri mwaka 1929. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa Mombasa ulioamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake, na mtoto wa Likoni, asemaye mato na nti, alilazimika kuwafuata mashujaa hao kwa macho na nchi. Umbopa aliingia safarini kama mtumishi wa Wazungu watatu; mwishowe akajulikana kuwa ni Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, ambaye ami yake Twala alimwua baba yake na kukitwaa kiti. Alipowaaga rafiki zake alitangaza kwamba hatawaruhusu wafanya biashara wa Kizungu kuleta bunduki na pombe katika nchi yake. Ni maneno mazito kutoka kinywani mwa mtu ambaye kitabu chenyewe kimemweka pembeni. Hadithi yasimuliwa na mwindaji Quatermain, nasi twaona ayaonayo yeye tu. Kwa maoni yangu Umbopa ndiye mtu mkubwa kuliko wote kitabuni, na kosa la mwandishi ni kutotupa hata usiku mmoja wa mawazo yake alipokuwa akibeba mizigo kuelekea ufalme wake mwenyewe.

Usiku kama huo twaupata kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, mji usio mbali na Likoni kwa njia ya Lungalunga. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Kiini chake ni hadithi ya Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, lakini mtunzi ameigeuza sana. Nakiri kwamba majina hunichosha kidogo. Mtu aitwaye Adili afanye nini ila uadilifu? Na ndugu waitwao Hasidi na Mwivu wamehukumiwa kabla ya kufungua kinywa. Walimtosa baharini kwa wivu, na jini Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa, akawageuza manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Hapo ndipo jina linapokuwa mtu. Liwali mwadilifu, ambaye mchana huwahukumu raia kwa haki, usiku hushika mjeledi na kuwapiga ndugu zake huku akilia, kisha huwalisha na kuwatunza vizuri. Mjumbe wa mfalme aliona jambo hilo kwa siri, asiweze kulifahamu. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu hao, ambao huko walikuwa mbwa, walirudishiwa ubinadamu, wakafanya hiana tena, wakauawa. Shaaban Robert aliwasamehe, wakawa watu wema.

Nimepata kuwauliza walimu wanafunzi ni hukumu ipi iliyo ya haki, na majibu hayakupatana. Wengine walisema Hamdani naye angesamehewa, kwa kuwa umaskini ulimharibu mapema. Msichana mmoja alijibu kwamba msamaha hutolewa na aliyekosewa: Adili alikuwa hai kuwaombea ndugu zake, na paa alikuwa kaburini. Sikuwa na la kuongeza.

Kisa cha Sultani Darai kimeandikwa kwa Kiswahili cha Unguja cha zamani, na maneno machache yatataka kamusi. Atakayekianza asifunge kitabu baada ya harusi.