Miaka Baada ya Kisu: Historia ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Matunzo Yanayoufuata

Upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ya unene uliokithiri inayobadilisha ukubwa wa mfuko wa tumbo, njia ya chakula katika utumbo, au vyote viwili. Tiba hii ilianza katika miaka ya 1950, na tangu hapo mbinu zake zimebadilika mara nyingi. Swali moja limekabili kila kizazi cha madaktari: mgonjwa ataishi vipi miaka 5, 10 au 20 baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani? Upasuaji wenyewe humalizika kwa saa chache, lakini mwili uliobadilishwa hubaki hivyo maisha yote. Namna ya kuutunza mwili huo ilifahamika polepole, na sehemu kubwa ya maarifa hayo ilitokana na mateso ya wagonjwa wa mwanzo.

Kufupisha njia ya utumbo

Mwaka 1952 daktari Viktor Henrikson wa Gothenburg, Sweden, alimkata mgonjwa mnene sehemu ya utumbo mwembamba. Miaka miwili baadaye, Kremen, Linner na Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia mbwa, ambamo sehemu kubwa ya utumbo mwembamba iliachwa nje ya njia ya chakula. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Virutubishi hunyonywa katika utumbo mwembamba, hivyo chakula kikipitishwa njia ya mkato, sehemu yake kubwa hutoka bila kuingia mwilini.

Kuanzia mwaka 1956, J. Howard Payne na Loren DeWind wa Los Angeles waliunganisha sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Wagonjwa walipungua sana, lakini waliharisha mfululizo na kupoteza madini mwilini, hata ikabidi upasuaji huo uache kutumika. Mwaka 1969 madaktari hao walieleza mbinu ya pili: sentimita 35 hivi za mwanzo wa utumbo mwembamba ziliunganishwa na sentimita 10 za mwisho wake, na mita kadhaa za katikati zikabaki bila kazi. Mbinu hiyo ilienea sana katika miaka ya 1970.

Kivutio chake ndicho kilichokuwa hatari yake. Mgonjwa aliweza kula kama zamani na bado akapungua, kwa hiyo hakuna aliyemfundisha kula upya. Madhara yalijitokeza baada ya miezi na miaka: mawe katika figo, maumivu ya viungo, mifupa dhaifu, upungufu wa vitamini, na kwa baadhi yao ini kushindwa kufanya kazi. Wengi walilazimika kurudi chumba cha upasuaji ili utumbo urudishwe kama ulivyokuwa. Kufikia miaka ya 1980 mbinu hiyo ilikuwa imeachwa. Fundisho lililobaki ni kwamba kupungua kwa uzito hakutoshi kuwa ushahidi wa afya, na kwamba mgonjwa asiyefuatiliwa anaweza kudhurika kimya kimya huku mizani ikionyesha mafanikio.

Edward Mason na tumbo dogo

Katika Chuo Kikuu cha Iowa, daktari Edward Mason alikuwa ameona kwamba watu waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya vidonda hawanenepi kwa urahisi. Mwaka 1966, akiwa na Chikashi Ito, alifanya upasuaji uliotenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa tumbo na kuiunganisha na utumbo mwembamba. Mgonjwa alishiba kwa chakula kidogo, na utumbo mwingi ukaendelea kufanya kazi. Mwaka 1977 Ward Griffen wa Kentucky aliuboresha kwa kuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y, mtindo uliobuniwa na daktari César Roux wa Uswisi, ili nyongo isipande kwenye tumbo. Upasuaji huo, unaojulikana kama baipasi ya tumbo, unatumika hadi leo.

Mwaka 1980 Mason alianzisha mbinu nyingine ambayo haikugusa utumbo kabisa. Tumbo liligawanywa kwa pini za kushonea, na mlango wa kutokea chakula ukafungwa mkanda ili usipanuke. Mbinu hii ilipunguza hatari ya kukosa virutubishi, lakini ilifichua tatizo jingine. Nyama na mkate vilikwama kwenye mlango mwembamba, ilhali aiskrimu, soda na chokoleti vilipita bila shida. Waliohamia kwenye vyakula hivyo walirudia uzito wao, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kumkinga mtu na sukari ya majimaji. Ikaonekana wazi kwamba aina ya chakula ina uzito sawa na kiasi chake, na kwamba mafunzo ya lishe ni sehemu ya tiba.

Mason alitambua pia kwamba daktari mmoja hawezi kujua hatima ya wagonjwa bila kumbukumbu za pamoja. Mwaka 1986 alianzisha daftari la kitaifa la kukusanya taarifa za waliopasuliwa nchini Marekani. Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo ziliitisha jopo la wataalamu ambalo liliweka masharti yaliyoongoza tiba hii kwa miaka 30. Upasuaji ulipendekezwa kwa mtu mwenye kipimo cha BMI cha 40 au zaidi, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, au 35 kama ana ugonjwa mzito unaotokana na unene. Jopo lilitaka pia mgonjwa achunguzwe na wataalamu wa fani mbalimbali kabla ya kupasuliwa, na afuatiliwe na daktari maisha yake yote. Sharti hilo la mwisho ndilo lililogeuza kliniki ya marudio kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Matundu madogo, mikanda na tumbo jembamba

Miaka ya 1990 ilileta upasuaji wa matundu madogo. Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, daktari Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, alikuwa wa kwanza kumwekea mgonjwa kwa njia hiyo mkanda wa tumbo unaoweza kukazwa na kulegezwa. Mkanda huo huzungushwa juu ya tumbo na hukazwa kwa kujazwa maji ya chumvi kupitia kifaa kilichowekwa chini ya ngozi. Hapo marudio ya kliniki yalikuwa ya lazima, kwani mkanda usiporekebishwa haufanyi kazi. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa mikanda mingi iliondolewa kwa kuhama mahali pake, kula ukuta wa tumbo, au kushindwa kupunguza uzito wa kutosha.

Nafasi yake ilichukuliwa na upasuaji wa kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba. Mwanzoni ulikuwa hatua ya kwanza kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa mno, kabla ya upasuaji wa pili wa utumbo. Baadhi yao walipungua vya kutosha wasihitaji hatua ya pili, na upasuaji huo ukawa tiba kamili, kisha ukawa unaofanywa zaidi kuliko mwingine wowote. Baadhi ya wagonjwa hupata kiungulia kinachoendelea kwa miaka, jambo linalohitaji kuangaliwa na daktari.

Ushahidi wa Sweden

Jibu kubwa kuhusu maisha ya baadaye lilitoka Gothenburg, mji uleule wa Henrikson. Mwaka 1987 Lars Sjöström na wenzake walianza kufuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 wenye unene unaofanana nao waliopata tiba ya kawaida. Waliofanyiwa baipasi walifikia upungufu wa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Kufikia mwaka wa 10 upungufu huo ulikuwa asilimia 25. Kwa waliogawanywa tumbo ulishuka kutoka asilimia 25 hadi 16, na kwa waliowekewa mkanda kutoka 20 hadi 14. Uzito wa kundi lisilopasuliwa haukubadilika sana.

Takwimu hizo zilifundisha mambo mawili kwa pamoja. Faida ilidumu, na taarifa ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa hatari ya kufa miongoni mwa waliopasuliwa ilikuwa ndogo kwa asilimia 29. Lakini kurudi kwa sehemu ya uzito ni jambo la kawaida, na mgonjwa anayeongezeka kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili hastahili lawama wala aibu. Taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa waliopasuliwa walitarajiwa kuishi miaka 3 zaidi ya wenzao wasiopasuliwa, ingawa bado walikuwa nyuma ya watu wengine wote nchini kwa miaka 5 na nusu.

Mazoea ya waliofanikiwa

Mwaka 1999 jarida la *Obesity Surgery* lilichapisha uchunguzi kuhusu wanawake waliofanyiwa baipasi na kudumisha uzito wao mpya kwa miaka. Mazoea yao yalifanana: milo iliyopangwa badala ya kudonoadonoa siku nzima, maji badala ya soda, vidonge vya vitamini kila siku, mazoezi mara kadhaa kwa wiki, usingizi wa kutosha, na kuubeba wajibu wa uzito wao wenyewe. Miongozo ya kitaalamu iliyotolewa mwaka 2008 na kupitiwa upya baadaye iliyapa mazoea hayo msingi wa kisayansi.

Protini hutangulia kwenye sahani, angalau gramu 60 kwa siku, ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Katika jiko la Afrika Mashariki protini hiyo hupatikana kwenye dagaa, samaki, mayai, maziwa, kuku na maharage. Chakula hutafunwa taratibu, na maji hunywewa kando ya mlo. Vyakula vyenye sukari nyingi huweza kumletea aliyefanyiwa baipasi mapigo ya moyo ya kasi, jasho na kuharisha, kwa kuwa huteremka utumboni haraka kupita kiasi.

Vitamini na madini havina likizo. Madini ya chuma na kalisi hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ambayo chakula hakipiti tena baada ya baipasi. Vitamini B12 huhitaji asidi na protini maalumu inayotengenezwa tumboni, na kwa kuwa ini huwa na akiba yake ya miaka kadhaa, upungufu huchelewa kuonekana. Mtu hujiona mzima, akaacha vidonge, kisha akapatwa na ganzi miguuni au upungufu wa damu. Anayetapika mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache na ubongo wake ukadhurika, kwa hiyo hapaswi kusubiri nyumbani. Vipimo vya damu vya kila mwaka huonyesha upungufu mapema, kabla dalili hazijatokea.

Pombe huingia kwenye damu kwa kasi zaidi baada ya baipasi. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wenye matatizo ya ulevi waliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Wanawake hushauriwa kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18, hadi uzito utulie. Ushauri nasaha pia una nafasi yake, kwani aliyekuwa akituliza huzuni kwa chakula huhitaji njia nyingine ya kuituliza.

Baadhi ya wagonjwa wa Afrika Mashariki husafiri hadi India na kwingineko kupasuliwa, na wengine huhudumiwa katika hospitali za hapa nyumbani. Kwa anayesafiri, taarifa kamili ya upasuaji aliofanyiwa ni ya lazima, kwa sababu daktari atakayemfuatilia kwa miaka ijayo yuko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala.

Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilishusha kiwango cha BMI kinachoruhusu upasuaji hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa wenye magonjwa kama kisukari. Watu wengi zaidi, na wenye umri mdogo zaidi, watapitia tiba hii, na baadhi yao wataishi nayo miaka 40 au 50. Sharti la jopo la mwaka 1991 halikuguswa na mabadiliko hayo: ufuatiliaji wa maisha yote.