Idhini ya Kuuza Boma, Kitale na Bungoma

Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na kaunti ya Bungoma iliyo kusini-magharibi yake, zimepakana chini ya mlima mmoja wa Elgon, ila katika habari ya kuuza ardhi kila moja ilikuwa na mlango wake wa idhini. Kitale ilihesabiwa katika nyanda za Wazungu, na kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1915 Gavana wa kikoloni alikuwa na uwezo wa kukataza shamba la Mzungu lisiingie mikononi mwa mtu wa rangi nyingine. Kwa Wabukusu wa Bungoma shamba halikuwa na cheti, na aliyetaka kulitoa kwa mgeni hakuwa na budi kuwakabili kwanza wazee wa ukoo.

Mambo yaligeuka mashamba yalipopimwa na kuandikishwa. Sheria ya mwaka 1963 ilimfanya aliyeandikwa daftarini, naye aghalabu ni mume, kuwa mmiliki kamili. Na mwaka 1973 Mahakama Kuu ikahukumu, katika daawa ya baba na wanawe, kwamba uandikishaji huo umezima haki za mila. Kinga iliyobaki ni bodi ya ardhi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1967 mapatano ya kuuza shamba au kuliweka rehani yalikuwa batili pasipo idhini yake. Sheria hiyo haikumtaja mke, lakini wajumbe walizoea kumwuliza muuzaji hadharani, "Mama yuko wapi, na wale vijana wakubwa?" na asiyekuja nao aliambiwa arudi siku nyingine.

Walakini mamlaka ya bodi yalihusu mashamba ya kilimo tu, hata nyumba ya mjini iliweza kutiwa rehani na mke asipate habari mpaka dalali abishe hodi. Ndipo Katiba ya mwaka 2010 ilipoliagiza Bunge kuilinda nyumba ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ikataka rehani yake itiwe sahihi na mume na mke wote wawili, au pawe na ushahidi wa ridhaa. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba ridhaa hiyo iwe ya maandishi, na mwenye kuitoa awe amefahamishwa.

Hivyo uwezo wa kukataa, uliokuwa wa Gavana kwa ajili ya rangi na wa wazee kwa ajili ya ukoo, leo ni wa yule alalaye ndani ya nyumba yenyewe. Na mkopeshaji mwenye busara humwuliza kabla fedha hazijatoka, maana kumwuliza baada ya mnada ni kuwatajirisha mawakili.