Maada ya giza: imerundikana katikati ya galaksi au imetandazwa?

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Rukuba huoni mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Unaona taa zao tu. Lakini unajua mitumbwi ipo, kwa sababu taa haziwezi kuelea zenyewe. Wanaastronomia nao huona nyota, na wanajua kuna kitu kisichoonekana kinachozishikilia. Wanakiita maada ya giza.

Wamejuaje kuwa ipo?

Sayari zilizo mbali na Jua huenda polepole. Utaridi huenda kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni 5 hivi, kwani karibu uzito wote uko kwenye Jua. Mwaka 1970, Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, gesi na vumbi. Walikuta sehemu za pembezoni hazipunguzi mwendo kama ilivyotarajiwa.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliona mionzi ya eksirei ikitoka kwenye makundi ya galaksi. Baadaye ikathibitika kuwa inatoka kwenye gesi yenye joto kali. Gesi hiyo ingetawanyika kama isingeshikwa na uzito kuliko ule unaoonekana.

Leo inakadiriwa kuwa maada ya giza ni kama mara 5 ya maada ya kawaida.

Katikati ikoje?

Hapa ndipo penye ubishi. Fikiria dagaa: unaweza kuwarundika, au kuwaanika wakaenea sawasawa. Mwaka 1996, Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White walionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa maada ya giza hurundikana katikati. Lakini vipimo vya galaksi nyingi ndogo vinaonyesha mwendo wa gesi ukiongezeka taratibu kutoka katikati kwenda nje. Kungekuwa na rundo, gesi ya karibu na katikati ingekwenda kasi zaidi.

Maelezo yako mawili. Huenda nyota kubwa zinapolipuka husukuma gesi nje, ikarudi, ikasukumwa tena, na mtikisiko huo ukatandaza rundo. Au maada ya giza yenyewe si ya aina inayodhaniwa. Jibu ni muhimu, kwani hadi leo hakuna aliyeithibitisha kwa kuinasa maabara.

Unaweza kutazama wapi?

Katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, ni umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi. Mwishoni mwa Juni, usiku wa manane, tazama juu upande wa kusini, karibu na nyota za Nge. Mahali penye weupe mzito ndiko iliko.