Salty Dog Ilifikaje Carnegie Hall?

Kuna muziki wa kuskiza kwa matatu na kuna muziki unaotaka nyumba iliyotulia, simu umeizima, chai iko mezani. Rekodi ya Lester Flatt na Earl Scruggs wakiwa Carnegie Hall ni ya aina ya pili. Ilinaswa jukwaani jijini New York usiku wa tarehe 8 Desemba 1962, na kampuni ya Columbia ikaitoa kama santuri mwaka uliofuata. Vaa hedifoni. Kabla hata hujajua wimbo, utasikia ukumbi wenyewe: makofi, mbinja, watu wakipiga kelele kutoka vitini kama vile wako kwa harusi ya binamu.

Bluegrass, kwa wasioijua, ni muziki wa nyuzi kutoka kusini mwa Marekani, hasa nchi ya milima ya Appalachia. Banjo, fidla, gita, mandolini, besi. Hakuna ngoma, mdundo unatoka kwa mikono ya wapiga nyuzi. Jina lilitokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Scruggs, kijana wa North Carolina aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, alijiunga na Monroe mwishoni mwa 1945 akiwa na miaka 21. Alipiga banjo kwa vidole vitatu, kasi mpaka noti zinamwagika kama mvua kwenye mabati. Mwaka wa 1948 yeye na Flatt wakatoka, wakaanzisha bendi yao, Foggy Mountain Boys.

Sasa, Carnegie Hall si ukumbi wa mchezo. Ulifunguliwa 1891 na sifa yake kubwa ni muziki wa okestra. Watu wa milimani nao walikuwa na jina lao mjini: hillbilly, yaani mshamba. Miezi michache kabla ya tamasha hilo, Septemba 1962, kipindi cha runinga cha The Beverly Hillbillies kilikuwa kimeanza, kikiwachekesha Wamarekani kwa familia ya washamba waliopata mafuta na kuhamia kwa matajiri. Wimbo wa kipindi ulipigwa na nani? Flatt na Scruggs hao hao. Kama umewahi kuigizwa lafudhi yako ya ushago na watu waliozaliwa karibu na lami, unajua hiyo hali: unachekwa, na bado wewe ndiye unayelipwa kuwachekesha.

Ndiyo maana napenda kile kipande ambapo hadhira inaitisha wimbo wa Martha White. Martha White ni unga. Tangu 1953 kampuni hiyo ya unga ilikuwa imedhamini bendi hii redioni, na wimbo wenyewe ni tangazo la kibiashara, basi. Lakini watu wa New York, wamelipa tiketi, wameketi Carnegie Hall, wanataka tangazo la unga! Na wanapigiwa. Studio isingekupa kitu kama hicho. Hapo unasikia kwamba ukumbini hawakuja wadadisi wa mjini pekee. Kuna waliokuwa wakiijua bendi vizuri sana, na walitaka kusikia kitu cha nyumbani.

Kuna raha nyingine ndogondogo. Katika "Fiddle and Banjo" fidla ya Paul Warren na banjo ya Scruggs zinabaki peke yake, zinakimbizana. Katika "Flint Hill Special" Scruggs anazungusha vigingi vya banjo katikati ya wimbo, uzi unalegea na kukazwa tena, sauti inateleza chini halafu inarudi mahali pake barabara. Mara ya kwanza utadhani rekodi imeharibika.

Lakini wimbo unaonirudisha kwenye rekodi hii ni "Salty Dog Blues". Wengi wanauchukulia kuwa mali ya bluegrass, na hapa unachangamka kweli. Hata hivyo, mwaka 1924, miaka 38 kabla ya usiku ule, Papa Charlie Jackson, mwanamuziki Mweusi, alikuwa amekwisha kuurekodi. Na alikuwa akipiga nini? Banjo, ya nyuzi sita.

Banjo yenyewe ilitengenezwa na Waafrika waliokuwa watumwa Karibiani na Amerika, kwa maarifa waliyovuka nayo bahari. Wajola wa Senegambia bado wana akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Huo uzi mfupi ndio unaolia bila kuchoka ndani ya banjo ya Scruggs. Unaonekana pia katika mchoro wa South Carolina wa mwishoni mwa karne ya 18, The Old Plantation, mikononi mwa mtu Mweusi. Kisha katika karne ya 19 wazungu wakajipaka masizi usoni, wakapanda majukwaani na banjo kuwadhihaki watu Weusi. Ala ikageuzwa tusi. Ajabu gani kwamba wengi wa wenyewe waliikwepa?

Kampuni za santuri zikamalizia kazi miaka ya 1920. Muziki wa Weusi uliwekwa kwenye orodha moja ya mauzo, wa wazungu wa kusini kwenye nyingine. Vijijini watu walikuwa wakiibiana nyimbo kila siku, lakini dukani ilionekana kana kwamba hawajawahi kuonana. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri, aliimba blues alizozipata kwa wafanyakazi Weusi wa reli, na akauzwa upande wa pili.

Santuri zake zilifika hata kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis katika Bonde la Ufa wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina limepita kwenye gramafoni na ulimi wa Kikipsigis likatoka limevaa kwato. Sauti zao tunazo hadi leo kwa sababu siku hiyo kulikuwa na maikrofoni mbele yao.

Arnold Shultz hakupata bahati hiyo. Alikuwa mchimba makaa Mweusi wa Kentucky, mpiga gita na fidla, na Bill Monroe mwenyewe alisema mara nyingi kwamba alijifunza kwake. Akiwa kijana alipiga naye kwenye dansi za kijijini. Mwaka 2020 wakfu wa chama cha kimataifa cha bluegrass ulianzisha mfuko wenye jina lake, wa kuwasaidia watu wasio wazungu kuingia katika muziki huu. Shultz alifariki 1931. Hakuna aliyemrekodi, hata wimbo mmoja.